Utaitwa Kadeti Kabla ya Kuitwa Rubani

Ujumbe ninaotumiwa na vijana wa sekondari hufanana sana: "Afande, nisome nini ili nirushe F-5?" Sichoki kujibu, ila najua jibu langu huwaudhi wengi. Kenya ilianza kuzipokea ndege hizo za kivita za F-5 mwaka 1978, kwa hiyo ndege unayoiota huenda inamzidi mamako umri, na viti vyake ni vichache mno kwa idadi ya wanaoviota. Wala usitarajie tangazo la KDF, yaani Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, la kumtafuta mwanafunzi wa kurusha F-5. Linalotangazwa ni nafasi ya kadeti, yaani mtu wa kufunzwa uofisa. Urubani huja baadaye, ukionekana unaufaa, na aina ya ndege hupangiwa. Huchagui kama kanzu ya Idd. Mimi nilitaka ndege za kasi nikapewa helikopta. Nilinuna, kisha nikazizoea, na nimestaafu nikiwa mtu wa helikopta.

Nalitanguliza hilo kwa sababu vijana wengi hujiandaa kwa ndege na kusahau kujiandaa kwa jeshi. Huko Lanet, Nakuru, kwenye Chuo cha Kijeshi cha Kenya, hakuna atakayekuuliza unajua nini kuhusu injini za jeti. Utaulizwa kwa nini kitanda chako hakijanyooshwa. Utakimbia na bunduki, utalala porini, utasoma ramani kwenye mvua, utaongoza wenzako waliochoka na wasiotaka kukusikiliza. Kijana anayedhani hayo ni usumbufu wa kupita tu kabla ya kufika kwenye ndege huonekana mapema, na wakufunzi wana macho.

Masharti ya kadeti kwa matangazo ya miaka ya karibuni ni uraia wa Kenya, umri kati ya miaka 18 na 26, wastani wa B kwenye KCSE pamoja na angalau C+ kwa Kiingereza, Hisabati na somo moja la sayansi, urefu usiopungua mita 1.60, na usiwe na rekodi ya uhalifu. Soma tangazo la mwaka wako, usitegemee la kaka yako, maana masharti hubadilika. B hiyo nayo inakufikisha kwenye foleni tu. Nyinyi wa mtaala wa umilisi mlioingia Gredi ya 10 Januari 2026, chukueni mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, wenye ile hisabati kamili. Msije mkahadaiwa na rafiki kwamba hisabati nyepesi itawapa alama nzuri na mambo yataenda vivyo hivyo.

Sasa macho, maana hapa ndipo ninapoona ndoto nyingi zikivunjika bila sababu. Kijana anasoma miaka minne, anapata A-, anafika mbele ya daktari, anafunguliwa kitabu chenye kurasa zilizojaa vidoto vya rangi. Ni kipimo cha Ishihara, kilichotungwa na daktari wa macho wa Kijapani mwaka 1917 na kinachotumika hadi leo. Ndani ya vidoto kuna namba. Kuna ukurasa ambao mwenye macho ya kawaida husoma 74, na mwenye upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani husoma 21. Anaisoma 21 kwa sauti ya kujiamini kabisa, kwa sababu ndiyo anayoiona. Ameishi miaka kumi na tisa bila kujua. Hali hiyo ni ya kurithi, huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na haina dawa.

Mtu atauliza, rangi zina nini? Ndege usiku hubeba taa nyekundu kwenye bawa la kushoto na ya kijani kwenye bawa la kulia. Ukiona taa za ndege nyingine gizani, mpangilio wa rangi hizo ndio unaokwambia kama inakujia, inakuacha au inakukata mbele. Asiyezitofautisha anabaki kubahatisha.

Kwa hiyo ukiwa na miaka kumi na tano nenda kliniki ya macho, mwambie daktari akupime uwezo wa kuona mbali na akufungulie kitabu cha rangi. Ukikuta tatizo, utakuwa na muda wa kuelekeza nguvu kwenye uhandisi wa ndege au kazi nyingine ya anga bila kupoteza miaka. Na kama unavaa miwani, usikimbilie upasuaji wa macho kwa miale ukidhani unajisafishia njia. Upasuaji wenyewe unaweza kuwa ndio wa kukuzuia. Uliza kwanza kwa wanaojua masharti ya jeshi.

Pumu, kifafa, masikio yanayotoka usaha mara kwa mara, mifupa iliyovunjika ikaunganishwa vibaya, yote hayo yataulizwa, na usiyafiche. Sikio hasa watu hulidharau. Hata rubani mzoefu akishikwa na mafua hukaa chini, harushi. Ndege inaposhuka, shinikizo la hewa linaongezeka na kusukuma ngoma ya sikio kwa ndani. Pua ikiwa imeziba, hewa haina njia ya kusawazisha pande mbili, na maumivu yake hukufanya usahau kwamba unashika usukani.

Kuhusu bangi na muguka sitasema mengi. Damu na mkojo vinapimwa, na mtaa unaokusifu leo hautakusindikiza kwenye mahojiano.

Mazoezi: kimbia masafa marefu, piga pushapu, jivute kwenye nondo. Si lazima ulipie jimu. Na jifunze kuogelea. Ni ajabu jinsi watoto wengi wa kwetu Mombasa wanavyokulia mita mia kutoka baharini na hawajui kuelea, wakati rubani wa helikopta anatakiwa ajue kujitoa majini.

Turudi kwenye hisabati, kwa kuwa barua nyingi huniuliza kama ni lazima uwe bingwa. Hesabu za angani ni nyepesi. Ugumu ni kuzifanya huku mkono mmoja umeshika usukani, redio inakuita na mkufunzi kando yako anakukaripia. Nikupe mfano. Ndege ya mafunzo inakwenda maili 120 za baharini kwa saa, yaani maili mbili kwa dakika. Umeruka dakika 15, basi umekata maili 30. Unachungulia chini: mji uliopaswa kuwa chini yako uko maili mbili kushoto. Marubani wana kanuni wanayoiita moja kwa sitini. Ukipotoka digrii moja, baada ya maili 60 utakuwa umekosea njia kwa maili moja. Maili mbili kwa 30 ni sawa na nne kwa 60, kwa hiyo umepotoka digrii nne kwenda kulia. Geuza digrii nne kushoto na utakwenda sambamba na njia yako, lakini bado uko kando yake. Geuza nane, na baada ya dakika nyingine 15 utakuwa umeirudia. Hakuna kikokotoo hapo, na una sekunde chache. Mwanafunzi wa Gredi ya 8 anaziweza hizo hesabu akiwa ametulia mezani. Jaribu kuzifanya ukipanda ngazi mbio, ndipo utajua ulipo.

Fizikia nayo inakuwa na maana siku ya kwanza unapoondoka Nanyuki badala ya Mombasa. Nanyuki iko juu, karibu mita 1,900, na hewa yake ni nyepesi. Injini inapata oksijeni kidogo, bawa linapata hewa kidogo ya kuegemea, na ndege ile ile inahitaji njia ndefu zaidi ili ipae. Jua likiwaka saa nane mchana hali inazidi. Kwa helikopta iliyojaa magunia ya unga hilo ni suala la kama utainuka au hutainuka, na wakati wa mafuriko tulikuwa tukipunguza gunia moja moja hadi hesabu ikubali, watu wakitutazama tu.

Ukifaulu ukapelekwa kwenye mafunzo ya urubani, kazi kubwa utaifanya ukiwa chini. Hili filamu hazilionyeshi. Sisi tulikuwa tukikaa usiku kwenye kiti cha plastiki, fimbo ya ufagio katikati ya magoti kama usukani, macho yamefumbwa, tukitamka orodha ya ukaguzi kwa sauti na kunyoosha mkono mahali kila swichi ilipo. Anayepita dirishani angedhani tumerogwa. Kulikuwa na sababu: kabla ya kuruhusiwa kuruka peke yako, unakalishwa ndani ya ndege iliyozimwa, unafungwa kitambaa machoni, na mkufunzi anataja. Swichi ya mafuta. Redio. Mabapa ya mabawa. Mkono wako uende moja kwa moja, bila kupapasa. Moshi ukijaa ndani ya chumba cha rubani, hutaona kitu, ni kama umefungwa kitambaa hicho hicho.

Zoezi hili unaweza kuanza kulifanya leo bila ndege. Chukua kazi yoyote yenye hatua kumi, hata kuwasha na kuzima jenereta ya nyumbani, ziandike kwa mpangilio, kisha uzifuate zote kila mara, hata siku unayoona unazijua. Kijana mwerevu ndiye huruka hatua. Wa akili ya kawaida anayefuata karatasi humpita, na nimeona hilo likitokea mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nikisikia mtu anasifiwa kipaji cha kurusha ndege nauliza kwanza kama anasoma orodha.

Baada ya kila safari kuna kikao. Mkufunzi anakuuliza nini kilitokea pale mwishoni mwa kutua. Yeye aliona, anachotaka ni kujua kama wewe uliona. Anayesema "mwendo ulipungua nikachelewa kuongeza nguvu" anaendelea vizuri. Anayesingizia upepo anarudishwa kwenye swali lile lile mpaka akome. Kama nyumbani kwenu wewe ni bingwa wa visingizio, anza kujirekebisha sasa, mwanangu.

Wapo watakaoondolewa kwenye urubani katikati ya mafunzo, na baadhi yao ni watu hodari. Wanakwenda kuongoza ndege mnarani, kwenye uhandisi, ulinzi wa anga, ugavi. Ndiyo maana swali la kujiuliza kabla ya kujaza fomu ni kama ungekubali kubaki ofisa hata ndege zikikukataa. Kama jibu ni hapana, basi njia yako ni ya kiraia: leseni ya rubani binafsi kuanzia miaka 17 na saa zisizopungua 40 hewani, kisha ya biashara kuanzia miaka 18. Shule ziko uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Gharama yake itamtoa mzazi jasho, hilo sikufichi, lakini hutakuwa na mkataba wa utumishi, na siku ukichoka unaondoka.

Kwa ndugu zetu wa Tanzania, mlango wa jeshi lenu, JWTZ, mara nyingi unapitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na maofisa hufunzwa Monduli. Mengine niliyosema kuhusu macho, hesabu na nidhamu hayana mpaka.

Wasichana huniuliza kwa sauti ya chini kama kweli wanachukuliwa. Wanachukuliwa, na tangazo la kadeti ni moja kwa wote. Mei 2024 Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed aliteuliwa kuliongoza Jeshi la Wanahewa, mwanamke wa kwanza kufika hapo. Uliza maswali yako kwa sauti ya kawaida.

Someni na historia, kwa kuwa kwenye mahojiano mtaulizwa mambo ya nchi yenu. Anayesema anataka kuingia Jeshi la Wanahewa anatakiwa ajue jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, na kwa nini jeshi hilo lilivunjwa na kuundwa upya.

Halafu zungumza na wazazi wako, na mzungumze kuhusu kifo pia. Jenerali Francis Ogolla aliingia jeshini mwaka 1984, akasomea urubani wa ndege za kivita, akapanda hadi kuwa Mkuu wa Majeshi. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta aliyopanda ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, akafa pamoja na wanajeshi wenzake tisa. Mzazi anayekataa kutia baraka anajua habari hizo. Usimjibu kwa kumwambia kwamba ajali hutokea hata barabarani. Mama yangu aliambiwa hivyo na haikumsaidia kitu. Msikilize mpaka amalize, kisha mweleze unachotaka na kwa nini. Wengine huhitaji miezi.

Mwisho ni pesa. Usajili wa KDF ni bure. Kila mwaka hutokea mtu mwenye suti, anayemjua kanali fulani, anayeuza barua ya kuitwa mafunzoni, na familia huuza ng'ombe au kipande cha shamba. Vijana hufika getini na barua hizo, zinatambuliwa ni bandia, na badala ya kuingia mafunzoni wanaishia kuandikisha maelezo kwa polisi. Anayekutajia bei, hata akiwa mjomba wako, mkatalie, kisha ukamripoti.