Buluu ya kwezi haitokani na chakula

Mkuu, umesema kwezi, yule ndege mdogo wa buluu inayong'aa, anapata rangi yake kwenye matunda anayokula. Hapana, haitoki huko. Kwanza hana chembe za rangi ya buluu kabisa kwenye manyoya yake. Ndani ya unyoya kuna melanini tu, ile ile inayofanya nywele zetu ziwe nyeusi, ila imejipanga kwa matabaka membamba sana. Mwanga ukipiga pale, buluu na kijani ndivyo vinavyorudi machoni. Ni kama tone la dizeli juu ya dimbwi.

Jaribu mwenyewe, kwezi hapa Dodoma wamejaa, wanagombania makombo mpaka kwenye meza za mama ntilie. Okota unyoya ulioanguka, uelekeze juani uangalie kwa upande wa pili, mwanga ukipenya: buluu inapotea, unabaki kahawia iliyofifia. Mimi niliokota mmoja chini ya mkwaju nikadhani nimeshika wa ndege mwingine. Ukiusaga ndiyo kabisa, hupati unga wa buluu.

Ulichosema kuhusu chakula ni kweli kwa heroe (flamingo), wale wa Ziwa Singidani. Wao wekundu wao unatoka kwenye vijimea vidogo vya maji ya magadi wanavyochuja kwa mdomo, ndiyo maana vifaranga vyao ni vya kijivu. Lakini usiseme kila chekundu ni cha chakula: kasuku hutengeneza wekundu na njano yake mwenyewe mwilini. Na kahawia ya tumbo la kwezi ni melanini ya kawaida, haina ujanja wowote.