Staff wangu wamepoa, nimlete mhamasishaji?

SWALI: Mimi ni mkuu wa idara kwenye halmashauri. Kazi wanaijua ila morali hakuna, wanafika, wanasaini, wanapotea. Sinyimi mtu ruhusa wala sigombani na mtu. Kuna mhamasishaji anataka kutupigia semina ya siku moja, itasaidia?

JIBU: Mkuu, hapo kwenye "sigombani na mtu" ndipo ninapochokaga. Watu wakisikia kiongozi awasapoti wafanyakazi wanawaza bosi mpole, anachangia misiba, anaachia watu waondoke saa nane. Huo ni ujirani mwema. Mshahara humpangii wewe na mtumishi analijua hilo, wala hakulaumu, anachokulaumu ni vile vilivyolala mezani kwako: barua ya kuomba kwenda kusoma imekwama kwako, haijafika kwa mkurugenzi, kazi zake kajaza zote kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi, wewe hujaidhinisha mpaka utumishi wapige simu (ile tabia ya OPRAS, zile fomu za zamani za kupima utendaji, kila kitu Juni), na diwani akimkaripia kikaoni kwa agizo ulilotoa wewe, unaangalia simu yako.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, mwaka 1959 alitoa utafiti wa wahasibu na mainjinia wa Pittsburgh, akakuta yanayowakera watu, kama mshahara, sera za ofisi na usimamizi mbovu, sio yaleyale yanayowafanya waipende kazi: kutambuliwa, kuaminiwa na jukumu, kukua. Wamempinga sana jinsi alivyoufanya, ila kwa ofisi zetu mimi hapo namkubali. Upole wako umepunguza kero moja. Kama ripoti aliyoiandika yeye inasomwa kwa jina lako, ataipendea nini hiyo kazi?

Sasa hawa wahamasishaji, jamani. Mgeukie jirani yako mwambie wewe ni mshindi, makofi, hela imeondoka, Jumatatu faili liko palepale. Wengine hata dokezo sabili, ile karatasi ya kuombea jambo ndani ya ofisi, hawajawahi kuandika halafu wanakuja kumwambia mtu anayedai malimbikizo kwamba shida ni mtazamo wake, na huyo mtu anarudi ofisini na hasira mpya kabisa, maana sasa kaonekana yeye ndiye mgonjwa. Wakuu wa idara msikubali hii biashara. Anayekuuzia semina bila kuuliza kwanza watu wako wanakwama wapi ana semina moja tu anaizungusha mikoa yote. Na kama hela yenyewe inatoka kwenye fungu la mafunzo, kabla hujasaini muulize afisa utumishi ni nani kwenye idara yako anasubiri kozi ya kada yake.