Gego lililotoboka ubavuni: je, dawa nyeupe itadumu?

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni mama wa miaka 34, mkazi wa Tanga. Gego langu la chini limetoboka ubavuni, pale linapogusana na jino la jirani. Nyama hunasa hapo kila ninapokula, na nikinywa maji ya baridi huuma kidogo kisha hutulia. Kituo cha kwanza kilinishauri ning'oe. Cha pili kilisema linaweza kuzibwa kwa dawa nyeupe inayofanana na jino, lakini shemeji yangu alizibwa hivyo na dawa ikadondoka kabla mwaka haujaisha. Je, dawa hiyo inafaa kwa meno ya kutafunia, au niombe ile ya rangi ya fedha?

JIBU: Dada yangu, tafadhali usikubali kung'oa kabla jino halijapigwa picha ya eksirei. Maumivu yanayoletwa na ubaridi na kuondoka baada ya sekunde chache kwa kawaida huonyesha kwamba kiini cha jino bado ki hai na kinaweza kupona. Kama yangekuwa yanakuamsha usiku, au yanaendelea kwa muda mrefu baada ya kunywa chai ya moto, huenda tungelazimika kutibu mizizi kwanza, na hata hapo kung'oa kusingekuwa njia pekee.

Dawa nyeupe, yaani kompositi, ni resini (aina ya plastiki) iliyochanganywa na chembe ndogo sana za kioo, na chimbuko lake ni kazi ya Rafael Bowen wa Marekani, aliyepata hataza ya resini yake mwaka 1962. Kompositi za mwanzo zililika upesi zilipowekwa kwenye magego, na sifa hiyo mbaya imebaki midomoni mwa watu ingawa za sasa huhimili kutafuna vizuri. Kwa hiyo inafaa, kwa sharti moja ambalo sitachoka kulirudia: jino liwe kavu kabisa wakati wa kuzibwa.

Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, hushikiliwa na umbo la tundu lililochongwa, lakini kompositi hushikiliwa na gundi. Daktari hupaka asidi ya fosforasi kwa sekunde 15 hivi, huiosha, kisha hukausha jino, na enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, hubaki na vishimo visivyoonekana kwa macho ambamo gundi hupenya na kukamata. Mate kidogo tu, au damu ya ufizi, vikifika hapo kabla ya gundi kukauka, dawa itaonekana nzuri siku hiyo lakini haitakuwa imeshika. Ya shemeji yako sikuiona, lakini hiyo ni miongoni mwa sababu za kwanza ninazozishuku.

Ndiyo maana, badala ya kuuliza dawa inatoka nchi gani, muulize daktari atalizuiaje jino lisipate mate. Jibu bora ni shuka jembamba la mpira linalotobolewa na kuvishwa jino, hata likabaki limechomoza peke yake. Pamba zilizobadilishwa mara kwa mara na mrija wa kufyonza mate vinaweza kutosha kwa tundu dogo. Kwa kuwa tundu lako liko ubavuni, ni lazima pia lizungushiwe ukanda mwembamba wa chuma na kubanwa kwa kabari ndogo, ili dawa iguse jino la jirani barabara. Pengo likibaki, nyama itaendelea kunasa na uozo utaanza upya. Kompositi ya kawaida huwekwa kwa tabaka za milimita 2, kila moja ikimulikwa kwa mwanga wa buluu, kwa sababu mwanga haufiki mbali na resini hunywea inapokauka. Kazi hii haitaki haraka.

Kuhusu amalgamu, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na chini ya Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017, nchi nyingi zinaipunguza hasa kwa ajili ya mazingira. Aliye nayo mdomoni ikiwa nzima hana haja ya kuiondoa. Hata hivyo, kama picha itaonyesha tundu limeshuka chini ya ufizi mahali pasipoweza kukaushwa, msikilize daktari atakayekushauri dawa nyingine, kwani hapo kompositi si chaguo zuri.

Baada ya kuzibwa, dawa huwa imekwisha kuwa ngumu, lakini subiri ganzi iishe ndipo utafune, usije ukajing'ata shavu. Jino likisisimka kwa baridi kwa siku kadhaa, usishtuke. Ukihisi linatangulia kugusa unapofunga mdomo, rudi upesi wakalisawazishe. Ni kazi ya dakika chache, na kwa kawaida haihitaji sindano.