Bando ikiisha si mapenzi yameisha

Dada yangu wa Arua, pole. Unasema bando ya wiki inaisha kwa simu mbili tatu za video, na mchumba wako wa Kampala anadhani unamkwepa. Mwambie wazi bei unayolipa. Tangu Julai 2021 data Uganda inatozwa ushuru wa 12%, na asiyenunua kwa kipato chako hawezi kuuhisi mfukoni mwako. Akiwa na uwezo zaidi, si aibu akikutumia bando. Nyinyi ni wachumba.

Video ndiyo inayomeza data, sauti hula kidogo sana. Nenda kwenye mipangilio ya WhatsApp, washa matumizi madogo ya data wakati wa simu, kisha zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha. Hizo video za magrupu zinakumaliza kimyakimya! Na kwa kuwa nyote mko nchini, nunueni dakika za kawaida za kupiga simu.

Video iwekeni Jumapili. Katikati ya wiki mrekodie sauti ndefu, umsimulie siku yako. Ila akiendelea kukushuku hata baada ya kuelezwa, hapo tatizo si data, na mliongee kabla ya mahari.