Pesa ya kuonyesha haitakufikisha Aisilandi

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge hapa Mwanza. Nimeshakwenda Dubai na Guangzhou kufuata mzigo. Julai nataka kwenda Aisilandi siku nane, kutalii tu. Wakala ananiambia nchi ile ni ndogo, kwa hiyo viza yake ni laini kuliko ya Ujerumani. Atanikopesha milioni 20 zikae kwenye akaunti yangu wiki mbili, nami nimlipe milioni mbili. Hoteli na ratiba atatengeneza yeye. Ratiba nimeiambatanisha. Ndege inapitia Amsterdam. Je, niombe viza ya Uholanzi au ya Aisilandi? Na hizo milioni 20 zinatosha?

JIBU: Dada yangu, la Amsterdam ni jepesi. Viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika kundi la nchi za Ulaya zikiwemo Aisilandi, Uholanzi na Ujerumani, huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si ile ndege inayotua kwanza. Siku zako zote nane ni za Aisilandi, basi unaomba ya Aisilandi. Ila kwa kuwa Amsterdam ndiko unakoingilia Schengen, uhamiaji utakuhoji pale pale. Karatasi za hoteli, bima na tiketi ya kurudi ziwe mkobani, zisiwe kwenye begi la chini ya ndege. Na wakala akikubadilishia njia akakupitisha London, simama kwanza: Uingereza haimo Schengen na ina masharti yake ya viza ya kupita.

Sasa hizo milioni 20. Swali hili naletewa karibu kila wiki, kinachobadilika ni kiasi tu, na kila mara linaniumiza kwa sababu anayeuliza huwa na pesa zake halali ambazo hajafundishwa kuzionyesha.

Afisa viza hasomi salio la mwisho peke yake. Anasoma miezi: pesa inaingia lini, inatoka wapi, inakwenda wapi. Akaunti iliyokuwa ikicheza kati ya milioni moja na tatu, ghafla ikipokea 20 kutoka kwa mtu asiyejulikana siku kumi kabla ya maombi, inamwambia jambo moja: hizi si zake. Baada ya hapo hata kile cha kweli ulichoweka kinatiliwa shaka, leseni yako na barua yako pamoja. Nimeona mama mwenye maduka mawili akikataliwa hivyo, na biashara yake ingetosha kabisa kumpeleka na kumrudisha.

Wewe unazo pesa, ila zimetawanyika. Wateja wa vitenge wanalipa kwa simu. Chukua taarifa ya lipa namba yako ya miezi sita, taarifa ya benki ya miezi hiyo hiyo, leseni ya biashara, usajili wa BRELA na uthibitisho wa kodi wa TRA. Kisha andika barua ya ukurasa mmoja ueleze mzunguko wako: msimu gani unaingiza mzigo, kwa nini Februari salio linashuka. Mihuri ya Dubai na China kwenye pasipoti ni ushahidi kwamba huwa unasafiri na kurudi. Hilo ndilo afisa analolitafuta kuliko tarakimu yoyote, na hakuna wa kukukopesha.

Ratiba nimeisoma. Siku ya pili asubuhi uko Húsavík unaangalia nyangumi, mchana uko Jökulsárlón kwenye ziwa la barafu. Húsavík iko kaskazini, Jökulsárlón kusini-mashariki. Katikati kuna safari ya siku nzima barabarani. Siku ya nne usiku imeandikwa unatazama aurora, ile mianga ya kijani ya angani. Julai! Mwezi huo usiku wa Aisilandi hauingii giza la kutosha kuiona. Aurora inataka giza, kwa hiyo msimu wake ni Septemba hadi mapema Aprili. Anayeshughulikia maombi ya Aisilandi anayajua haya kama wewe unavyojua siku ya gulio. Akiona aurora ya Julai anajua ratiba imenakiliwa, na aliyeinakili si wewe.

Kama moyo wako uko kwenye aurora, hamisha safari hadi Oktoba. Kama ni Julai, basi furahia cha Julai: mwanga usiokwisha, ndege wa baharini wa visiwa vya Vestmannaeyjar, na barabara kuu inayozunguka nchi, zaidi ya kilomita 1,300, ambayo kwa siku nane inawezekana bila kukimbizana. Hoteli weka mwenyewe, kwa jina lako, zile zinazoruhusu kufuta bila kutozwa.

Na hili la "nchi ndogo, viza laini" lazima nilisemee kwa wote wanaosoma. Aisilandi ina watu wasiofika 400,000 na haina ubalozi kila mahali. Sehemu nyingi maombi yake hupokelewa na kuamuliwa na ubalozi wa nchi nyingine ya Schengen kwa niaba yake. Unayedhani umemkwepa anaweza kuwa ndiye anayekusoma. Sheria ni moja kwa wote: ada ya yuro 90, bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, maombi yasiwe mapema kuliko miezi sita wala chini ya siku 15 kabla ya safari. Mlango wa uani haupo.

Wanaouza mlango huo hawakuelezi kinachofuata wakishindwa. Maombi yako na uamuzi wake hubaki kwenye mfumo wa pamoja wa viza kwa miaka mitano, na nchi zote za Schengen zinausoma. Wakala anabadilisha laini ya simu. Jina lililobaki mle ni lako. Ukikataliwa kwa ukosefu wa karatasi unaweza kukata rufaa au kuomba upya. Ukikataliwa kwa karatasi za kughushi, kila afisa atakayekufungua baadaye anaanza na hilo.

Wapo wabaya zaidi, wanaoahidi viza "bila kufika". Anayeomba Schengen kwa mara ya kwanza hutoa alama za vidole yeye mwenyewe, na vidole hivyo ndivyo vinavyoweza kulinganishwa na stika ya viza mpakani. Stika iliyobandikwa chumbani kwa mtu Kariakoo haina vidole nyuma yake. Wenye kuibeba huzuiwa uwanja wa ndege, tiketi imelipwa, nyumbani wameagwa kwa dua.

Milioni mbili za wakala zibaki nazo. Zitalipa ada na bima, na nyingine ibaki ya hoteli.