Kituo cha nishati cha chuo: pima kwanza, ndipo uchore

Katika vikao vya kwanza vya kamati za ujenzi, swali la kwanza huwa ni jenereta ya ukubwa gani inunuliwe. Mimi huomba lisubiri. Funga mita za kurekodi kwenye kila laini kubwa, uziache muhula mzima pamoja na likizo. Chuo hakitumii umeme kama kiwanda: mitihani ikikaribia maktaba haizimwi taa, jioni mabweni yanawasha pasi na hita kwa pamoja, na likizo ikifika karibu kila kitu kinalala.

Vipimo hivyo vitakuokolea fedha mapema. Hapa Tanzania mteja mkubwa halipii uniti peke yake, hulipia pia kilele cha matumizi ya mwezi, yaani umeme mwingi zaidi aliouvuta kwa wakati mmoja, unaopimwa kwa kVA. Ukihamishia pampu za maji usiku wa manane, kilele kinashuka kabla hujanunua chochote. Jenereta nayo ikiendeshwa muda mrefu chini ya theluthi ya uwezo wake haichomi dizeli vizuri. Inajaa masizi na kuchakaa mapema. Kwa hiyo nachagua mbili au tatu za wastani zinazosaidiana, siyo moja kubwa.

Tenga laini ya peke yake, ya kulishwa kwanza na jenereta umeme ukikatika, kwa friji za maabara, seva, zahanati na taa za njia. Viyoyozi vya kumbi vinaweza kusubiri. Kazi hii ifanyike kuta zikiwa bado wazi.

Usinakili mchoro wa ugenini. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Stanford, kule California, Marekani, walianza kutumia kituo kinachokusanya joto linalotoka kwenye mitambo ya kupoza majengo na kulipeleka kupasha majengo mengine. Wao wanahitaji joto na ubaridi kwa wakati mmoja. Dar es Salaam nani anapasha darasa? Joto letu liko jikoni, na kuni za mgahawa hazionekani kwenye bili ya umeme. Zihesabu. Mfano wa karibu zaidi ni Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, walioweka sola ya kilowati 600 juu ya mapaa mwaka 2014: jua kali na madarasa vyote ni vya mchana.

Kituo kiwe karibu na majengo yanayotumia umeme mwingi, moshi na kelele mbali na mabweni, lori la mafuta lifike bila kukatiza njia za wanafunzi. Acha nafasi ya transfoma ya pili, na mlango mpana wa kutolea injini nzima. Mlango huo huwa wa kwanza kufutwa gharama zinapobanwa. Usikubali.