Maswali ya Madereva: Ofisa wa Serikali Kuu Akikuwashia Taa

SWALI: Ndugu mhariri, nabeba abiria hapa Columbus, Ohio. Wenzangu wa kijiweni wanasema hata ofisa wa FBI (idara ya upelelezi ya serikali kuu) anaweza kunishika kwa kuzidisha mwendo kwenye I-70, kwa kuwa barabara hizo ni za serikali kuu. Kuna ukweli?
– Dereva wa abiria, Columbus

JIBU: Hakuna, ila kuna vighairi viwili vitatu. Barabara za “I” (Interstate, barabara kuu zinazounganisha majimbo) zilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za serikali kuu, lakini mwenye barabara ni jimbo. Mwendo, mkanda, taa na bima ni sheria za jimbo, na wanaozisimamia ni askari wa jimbo, wa sherifu wa kaunti na wa mji. Ofisa wa FBI amepewa uwezo wa kukamata kwa makosa dhidi ya Marekani, yaani yaliyomo katika sheria za serikali kuu. Kwenda maili 80 penye kibao cha 65 si mojawapo. Hana tiketi ya kukuandikia wala mahakama ya kuipeleka.

Vighairi ni hivi: baadhi ya majimbo yamewapa maofisa hao madaraka ya askari wa jimbo kwa mambo fulani, na wengine wameapishwa pia na kaunti wanayofanya nayo kazi. Kutoka kwenye kiti chako huwezi kujua yupi ni yupi. Kwa hiyo simama kando, mikono iwe juu ya usukani, uliza: “Niko huru kwenda?” Usimfundishe sheria pale pale. Tena usitegemee kwamba kosa lake la mamlaka litakuokoa moja kwa moja: mwaka 2008, katika kesi ya Virginia na Moore, Mahakama ya Juu ilisema kukamata kinyume na sheria ya jimbo peke yake hakuvunji Katiba ya Marekani, ilimradi askari alikuwa na sababu ya kutosha.

SWALI: Ramani ya simu ilinipitisha Natchez Trace Parkway nikitoka Nashville na lori la mizigo. Askari wa hifadhi akanisimamisha na kuniandikia karatasi. Mimi nilidhani wale kazi yao ni wanyama. Nilipokwenda mahakama ya kaunti wakaniambia hawaoni jina langu. Basi yameisha?
– Mwenye lori, Tennessee

JIBU: Hayajaisha, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Barabara hiyo ya maili 444, kutoka Natchez, Mississippi, hadi karibu na Nashville, yote iko chini ya idara ya hifadhi za taifa. Humo trafiki ni askari wa hifadhi. Mwendo sehemu kubwa ni maili 50 kwa saa, na magari ya biashara ya mizigo hayaruhusiwi. Ramani ya simu ya gari dogo haijui hilo. Tumia ya malori. George Washington Memorial Parkway na Baltimore-Washington Parkway zina mtego ule ule.

Katika hifadhi hutumika kanuni za serikali kuu, na zisipogusa jambo, huchukuliwa sheria ya trafiki ya jimbo husika. Kwenye kambi za jeshi, sheria ya jimbo huazimwa kwa namna hiyo hiyo, na kosa linakuwa la serikali kuu. Kuendesha umelewa (kipimo 0.08) ndani ya hifadhi kunaweza kukupa hadi miezi 6 jela na faini hadi dola 5,000. Kukataa kupimwa nako ni kosa la kujitegemea.

Sasa itazame karatasi yako. Kisanduku A kikiwekwa alama, lazima ufike mbele ya jaji wa serikali kuu. Kulipa tu hakutoshi. Kikiwa B, kuna kiasi cha kulipa, na juu yake huongezwa dola 30 za uendeshaji. Malipo huenda Central Violations Bureau, ofisi inayopokea faini za serikali kuu, iliyoko San Antonio, Texas, kwa mtandao au kwa posta, wala si kaunti. Namba ya karatasi inaweza kuchelewa wiki kadhaa kuonekana kwenye mfumo, kwa hiyo jaribu tena. Umehama? Wajulishe anwani mpya, maana wito unafuata anwani iliyoandikwa siku ile. Ukipuuza, jaji anaweza kutoa hati ya kukukamata, au leseni yako ikaripotiwa jimboni.

Jambo moja la mwisho kabla hujalipa: malipo huweza kuhesabiwa kuwa umekiri kosa la jinai. Kama wewe si raia na kosa ni ulevi au dawa za kulevya, anza kwa wakili wa uhamiaji.

SWALI: Je, maofisa wa uhamiaji wanaweza kunisimamisha kwa taa ya breki iliyoungua?
– Mama wa watoto watatu, El Paso

JIBU: Dada, taa si kazi yao. Askari wa mpakani wanaozunguka barabarani wanahitaji shaka yenye sababu za kueleweka kuhusu uhamiaji. Katika kesi ya Brignoni-Ponce ya 1975 mahakama ilikataa sura ya Kimeksiko iwe sababu pekee. Vizuizi vya kudumu ni habari nyingine: tangu 1976 wanaruhusiwa kusimamisha kila gari na kuuliza maswali mafupi, lakini kupekua kunataka ridhaa yako au sababu ya kutosha. Septemba 2025 Mahakama ya Juu ilisitisha amri ya jaji wa Los Angeles iliyozuia kusimamisha watu kwa sura, lugha au lafudhi pekee, kwa hiyo usijione salama sana.

Hatari yenyewe huja kwa mlango wa pembeni. Mei 2025, Nashville, waliosimamisha magari walikuwa askari wa jimbo, maofisa wa uhamiaji wakiwa pamoja nao. Na tangu kesi ya Whren, 1996, askari akiona kosa halisi la barabarani, nia yake nyingine haihesabiki. Asichoweza ni kurefusha usimamishaji kupita muda wa kushughulikia kosa (kesi ya Rodriguez, 2015).

Kwa hiyo kila Jumapili jioni mwombe mtu asimame nyuma ya gari ukikanyaga breki: zote tatu ziwake, na taa ndogo ya namba ya gari pia, ambayo hufa kimya kimya. Ukisimamishwa, toa leseni, usajili na bima. Swali la ulikozaliwa unaweza kukataa kulijibu. Usidanganye na usitoe karatasi bandia. Mwenye kadi ya kijani (ya ukaazi wa kudumu) aliyetimiza miaka 18 sheria inamtaka aibebe, hata akienda dukani.